Mlango wa Friesenberghaus

Anayetoka Breitlahner asubuhi kwenda Berliner Hütte ana saa tatu hivi za kupanda, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina ugumu wowote. Inafuata kijito cha Zemmbach, ambacho maji yake ni meupe kwa unga wa mawe yaliyosagwa na barafuto huko juu. Kwanza kuna msitu wa misonobari, kisha malisho ya ng'ombe na mabanda ya wafugaji, kisha miti inafupika mpaka inabaki vichaka vya kufika magotini, na baada ya hapo ni nyasi, mawe na upepo. Kwenye mita 2,042 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mtu angetazamia banda la mbao, linatokea jumba la ghorofa kadhaa lenye ukumbi wa kulia chakula wenye dari ya juu na taa za kuning'inia, kama za hoteli kuu ya mjini. Lilifunguliwa 1879 na tawi la Berlin la chama cha wapanda milima cha Wajerumani na Waaustria, likaongezwa mara baada ya mara, na katika siku zake za fahari lilikuwa na posta yake, fundi wake wa viatu na chumba cha giza cha kusafishia picha. Tangu 1997 linalindwa kisheria kama jengo la urithi. Msafiri hulitazama kwa mshangao, na mshangao huo unastahili kufuatwa na swali: nyumba kama hii inafanya nini ndani ya hifadhi?

Maana hii ni hifadhi kweli. Milima ya Zillertal, katika jimbo la Tyrol, magharibi mwa Austria, ilitangazwa 1991 kuwa eneo la utulivu. Kwa sheria ya Tyrol, katika eneo la namna hiyo hairuhusiwi kujenga magari ya kamba ya kubeba abiria wala barabara mpya za umma wala kitu chochote cha kelele za kudumu, na helikopta haitui ovyo. Leo eneo hilo ni hifadhi ya mazingira ya milima mirefu, na ofisi yake ipo Ginzling, kijiji kidogo ambacho kimejiunga na mtandao wa vijiji vya wapanda milima ulioanzishwa na chama cha wapanda milima cha Austria mwaka 2008. Anayetaka kuona sheria hiyo imezuia nini azunguke mlima Olperer, wenye mita 3,476, atokee upande wa pili. Huko Hintertux magari ya kamba hupandisha watu hadi mita 3,250, na watu huteleza kwa skii juu ya barafuto mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Mlima ni uleule mmoja. Ubavu wake mmoja umejaa nguzo za chuma na nyaya, na mwingine una njia za miguu na vibanda. Dai langu ni kwamba kibanda kina haki ya kukaa kwenye ubavu huu wa pili kwa masharti mawili yasiyotengana. Kwanza, kiwe paa la yeyote anayefika kwa miguu yake. Pili, kiwe na mipaka inayombana kila anayelala chini ya paa hilo. Sharti la pili likipotea, kibanda ni hoteli iliyojengwa mahali pasipo pake. La kwanza likipotea, ni baraza la watu waliochaguana wenyewe kwa wenyewe.

Mipaka ninayoisema huanza kabla mgeni hajakaa kitini. Mlangoni kuna chumba cha viatu: buti zilizoloa zimepangwa kwenye rafu, soksi zimetundikwa juu, harufu ni ya ngozi na jasho, na pembeni kuna ndala za kuvalia ndani. Hakuna anayepanda ngazi na buti, awe hakimu au mwanafunzi. Juu, chini ya paa, magodoro yamelazwa bega kwa bega kwenye jukwaa moja refu la mbao, na nafasi ya mtu haizidi upana wa godoro lake. Blanketi na mto vipo, ila shuka hakuna. Kila mgeni sharti aje na shuka lake jembamba lililoshonwa kama mfuko, kwa sababu blanketi haziwezi kufuliwa kila siku mahali ambapo maji machafu lazima yasafishwe papo hapo. Saa nne usiku nyumba hunyamaza hadi saa kumi na mbili asubuhi. Takataka ulizopanda nazo unashuka nazo. Aliye mwanachama hulala kwa bei ndogo, na hupata chakula kimoja cha bei nafuu pamoja na maji ya moto ya chai, ili asiye na kipato kikubwa asikwame nje. Kisha kuna kitabu cha wageni, ambacho wengi hukidhani ni cha kumbukumbu tu: jina, umetoka wapi, kesho unaelekea wapi. Mtu asipofika alikosema anakwenda, kitabu hicho ndicho huwaonyesha waokoaji pa kuanzia. Na kanuni za chama zinasema wazi nani hutangulizwa nyumba ikijaa: majeruhi, mgonjwa na mwokoaji, kabla ya mwanachama na kabla ya aliyelipa. Nyumba yenye kanuni kama hizi haifanani na hoteli hata ikiwa na taa za kuning'inia ukumbini.

Wapo wanaosema, na si watu wa kupuuzwa, kwamba kibanda huita watu. Mahali palipokuwa na swala wa milimani na kimya, ukijenga nyumba wanafika mia, na njia ya mguu mmoja inakuwa barabara. Mfano wao upo karibu. Olpererhütte, mita 2,388, kilijengwa upya katika muongo wa kwanza wa karne hii, na dakika chache kutoka hapo kuna daraja dogo la kamba za chuma linalovuka kijito. Ukisimama karibu yake unaona ni daraja la kawaida. Anayeanguka angeloa na kuumia, asingefika mbali. Lakini mpiga picha akisimama kwenye pembe fulani kijito kinatoweka, na aliye darajani anaonekana ananing'inia angani juu ya bwawa la Schlegeis, mamia ya mita chini yake. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na siku njema za kiangazi watu hupanga foleni hapo. Huja kwa gari hadi bwawani, wakapanda saa moja na nusu, wakangoja zamu yao, wakapigwa picha, wakashuka.

Nakubali kwamba foleni hiyo ni aibu kwa hifadhi, ila sikubali kwamba kibanda ndicho kilichoiita. Tazama Berchtesgaden, hifadhi pekee ya taifa ya Ujerumani iliyomo katika milima ya Alps. Juu ya ziwa Königssee kuna maporomoko ya Königsbach, yenye kidimbwi cha asili ukingoni mwa genge. Hakuna kibanda hapo, hakuna kitanda wala chai. Picha zilipoenea mitandaoni, watu walifika kwa wingi, wakachonga njia za panya kwenye mteremko, mimea ikakanyagwa, na mwaka 2019 vijana wawili wakafa maji. Mwaka 2021 wasimamizi walipafunga kwa muda wa hadi miaka mitano ili mimea ipumzike. Umati, basi, huja hata pasipokuwa na paa, na ukija pasipokuwa na paa hakuna mtu wa kuwaambia walipo, hakuna choo, hakuna njia iliyowekewa alama, wala hakuna idadi inayosema inatosha. Kibanda kina vitanda vinavyohesabika. Vikijaa, simu hujibu kwamba vimejaa, na ugeni wa siku hiyo umefika kikomo. Nusu ya pingamizi hata hivyo inabaki, nami siwezi kuifuta: mgeni wa mchana hahesabiwi na vitanda. Dawa yake ipo chini bondeni, kwenye barabara ya kulipia iendayo bwawani, kwenye ukubwa wa maegesho na ratiba ya basi. Ukitaka watu wachache darajani, punguza magari Schlegeis. Kubomoa kibanda kungewaacha wapiga picha palepale, na kungemwondolea kitanda yule aliyekuja kwa miguu kutoka bonde la pili.

Wengine huleta hoja ya uchafu, na hapa hesabu ni ngumu zaidi. Kila nyumba ya juu hula umeme, huvuta maji, hutoa kinyesi. Mahitaji hupanda kwa gari la kamba la mizigo, kwa mnyama, kwa mgongo wa mtu au kwa helikopta, na helikopta ni ghali na ina kelele. Vyama vya wapanda milima vya Ujerumani, Austria na Tyrol ya Kusini vimejibu kwa kuwa na alama ya ubora wa mazingira ambayo kibanda huipata kikithibitisha kwamba umeme wake, majitaka yake na takataka zake vinasimamiwa ipasavyo: mitambo midogo ya maji, paneli za jua, mashimo ya kusafishia majitaka kwa bakteria. Upo pia mpango wa kupika kwa nyama, maziwa na jibini vinavyotoka kwa wakulima wa milima ndani ya kilomita 50. Muhimu kuliko hayo yote, vyama vilikwisha kukata shauri kwamba kazi ya kufungua milima kwa vibanda vipya na njia mpya imekwisha; kazi iliyobaki ni kutunza vilivyopo. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu, kwani ni watu wenye uwezo wa kujenga waliosema basi. Tena mlima wenyewe umeanza kuweka mipaka. Kiangazi cha 2022 baadhi ya vibanda vya Alps vilifunga mapema kwa kukosa maji, maana theluji iliyovilisha ilikuwa imekwisha. Na upo mwamba ulioshikwa na barafu ya ndani kwa karne nyingi ambao sasa unalegea chini ya misingi ya nyumba. Aliyezoea kuoga dakika kumi kwa maji ya moto atanung'unika akiambiwa kibandani hakuna bafu. Mimi naona kibanda kinachomwambia hivyo kinamweleza kwa uaminifu mahali alipo.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu maji wala helikopta. Linasema hivi: unalisifu paa la wote, lakini paa hilo halikuwa la wote. Ni kweli, na ushahidi wake umesimama kwenye mita 2,498, juu ya bwawa la Schlegeis, chini ya mlima Hoher Riffler. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza matawi mengi ya chama cha wapanda milima yalianza kuwafungia Wayahudi mlango. Mwaka 1921 huko Vienna waliotengwa, pamoja na wenzao waliowaunga mkono, waliunda tawi lao lililoitwa Donauland. Desemba 1924 chama kikuu kililifukuza tawi zima. Milangoni mwa baadhi ya vibanda palibandikwa matangazo kwamba Wayahudi hawatakiwi, muongo mmoja na zaidi kabla ya dola la Hitler kuimeza Austria. Mtu anaweza kuwaza maana ya tangazo kama hilo kwenye mita elfu mbili na ushee, saa kumi jioni, mvua ya mawe ikianza. Wapanda milima wa Berlin ambao hawakukubali ubaguzi huo walijitoa, wakaunda chama chao, na kwa kushirikiana na Donauland wakajenga nyumba mwishoni mwa miaka ya 1920. Ndiyo Friesenberghaus: mawe ya kijivu, madirisha madogo, ukumbi wa mbao, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka bwawani. Mwaka 1938 walinyang'anywa. Baada ya vita nyumba ilirudishwa kwa Donauland, lakini watu wa kuijaza hawakuwapo tena. Wengi walikuwa wameuawa au wametawanyika duniani. Mwaka 1968 ilikabidhiwa tawi la Berlin la chama kilekile kilichowafukuza, na tangu 2003 inatumika pia kama mahali pa kukutania na kufundishana dhidi ya chuki na ubaguzi.

Nakaa sana kwenye habari hii kwa sababu imo humo hoja ambayo takwimu za majitaka haziwezi kuibeba. Waliofukuzwa walikuwa na kila sababu ya kusema kwamba kibanda ni kitu cha wenye kiburi na kwamba mlima haufai kuwekewa nyumba. Hawakusema hivyo. Walichanga fedha, wakapandisha mbao na saruji kwenye mteremko ambao nusu ya mwaka una theluji, wakajenga cha kwao. Walijua kwamba mtu asiye na pa kulala juu ya mlima hana mlima. Anabaki na mandhari ya kutazama kutoka bondeni. Kwa hiyo uovu wa miaka ile haukuwa kwenye paa. Ulikuwa kwenye mlango. Ndiyo maana silikubali jibu la haraka la wale wanaosema kibanda ni kizuri mradi kisichafue. Kingeweza kuwa safi kama chemchemi na bado kikawa najisi kwa tangazo moja mlangoni.

Hadithi ya mlango inatugusa na sisi wa Afrika Mashariki, kwani vibanda vya namna hii vilivuka bahari. Ludwig Purtscheller, Mwaustria mzaliwa wa Innsbruck, mji mkuu wa Tyrol, alifika kilele cha Kibo, Kilimanjaro, pamoja na Mjerumani Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889. Baadaye Wajerumani walijenga vibanda kwenye njia ya Marangu kwa mfano wa kwao. Cha chini wakakiita kwa jina la Bismarck, na cha juu yake kwa jina la Carl Peters, mtu ambaye ukatili wake Kilimanjaro ulimfanya hatimaye afukuzwe utumishi, na ambaye waliomjua walimwita Mkono wa Damu. Leo vituo hivyo vinaitwa Mandara na Horombo, majina ya mamangi wa Wachaga, na kwa maoni yangu hakuna ukarabati wa paa au kitanda uliowahi kuzidi ukarabati huo wa majina. Marangu ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo mgeni hulala kitandani. Kwenye njia nyingine kila kitu ni hema, na hema za kulala, hema la kulia, meza, viti na mara nyingi choo hupanda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wake ambao kikomo chake rasmi ni kilo 20. Wanaoitetea kambi ya mahema kwamba haiachi jengo mlimani wasisahau nani hulibeba jengo hilo kila asubuhi. Na anayeitetea Marangu, kama mimi, lazima akubali kipimo cha sharti la kwanza: ukitaka kujua kama kibanda ni paa la wote, usiangalie mgeni amelala wapi. Angalia mpagazi amelala wapi.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inatafakari magari ya kamba Kilimanjaro, na waongozaji na wapagazi wakapinga kwa kuhofia riziki yao. Hofu yao ilikuwa ya haki, lakini ubavu wa Hintertux unaongeza sababu nyingine. Kituo cha juu cha gari la kamba hakina kikomo cha vitanda wala mtu anayejulikana kwa jina kitabuni. Kina tiketi tu, na tiketi huchapishwa bila mwisho. Ukitaka mfano mzuri zaidi wa kile Alps inachoweza kuipa Afrika Mashariki, upo Mlima Kenya, karibu na Point Lenana. Mwaka 1970 daktari kijana wa Austria alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na wapanda milima wa Kenya walihangaika naye siku nyingi kwenye mwamba kabla ya waokoaji kuwasili kutoka Innsbruck kusaidia kumshusha. Akapona. Shukrani za Waaustria ni kibanda kinachoitwa Austrian Hut, kwenye mita 4,790, na tangu hapo kimewafaa watu ambao hawajawahi kuisikia habari hiyo.

Zamani barafu ilikaribia sana pale Berliner Hütte iliposimama; sasa ukitaka kuigusa unatembea muda mrefu juu ya mawe matupu. Tangu 1891 wanachama wa kujitolea hupanda kila mwaka kupima miguu ya barafuto, na vibanda ndivyo huwalaza. Na kiangazi kikiisha, mtunza nyumba akashuka na ufunguo wake, vibanda vingi huacha chumba kimoja cha majira ya baridi: magodoro machache, blanketi nzito, jiko la kuni, shoka, sufuria, mshumaa, na sanduku la chuma la kutilia pesa. Vyumba vingine hufunguliwa kwa ufunguo wa chama, ambao mwanachama huuazima kabla ya safari. Vingine havina kufuli kabisa. Chama kina sababu zake, maana wizi na uharibifu vipo. Mimi nasimama upande wa mlango usio na kufuli, kwa ajili ya yule ambaye hakupanga kufika hapo usiku huo. Anayeondoka asubuhi huzoa majivu, huchanja kuni za atakayefuata, hulipa alicholalia ingawa hakuna anayemwona, na huurudishia mlango ushikamane, theluji isiingie.